Mrejesho: breki za Noah kuisha nguvu mteremko wa Kitonga

Habari wakuu. Mwezi uliopita niliuliza kwa nini breki za Noah yangu zinanukia kuungua na kukosa nguvu nikishuka Kitonga.

Aliyesema nifungue pedi (vipande vinavyobana diski ya gurudumu) nizitazame, Mungu ambariki. Zilikuwa zinang'aa kama kioo: gundi inayoshikilia mchanganyiko wake ilishaungua, msuguano ukapungua. Nimefunga pedi zenye nyuzi za chuma na kubadilisha mafuta ya breki. Kisha nikazizoesha kama mlivyoelekeza: kutoka spidi 60 napunguza hadi 10 bila kusimama kabisa, mara kumi, halafu naendesha taratibu zipoe. Hatua hii fundi wangu hakuwahi kuniambia, na naamini imechangia sana.

Jumamosi nimeshuka Kitonga na watu saba, gia ya 2 kama mlivyosisitiza. Pedali haikulegea hadi Ruaha Mbuyuni, wala harufu sikuisikia.

Kilichogoma ni kelele. Asubuhi zikiwa baridi zinalia, na rimu zinajaa vumbi jeusi. Kusugua diski kwa msasa kulisaidia siku tatu tu. Nitaivumilia, maana wanangu hupita njia ile. Asanteni sana.