Ushauri: jina la Seti kwa mtoto wa kiume lina ubaya gani?

Mzazi Mpya: Wakuu, salaam. Tumejaliwa mtoto wa kiume, tunataka kumwita Seti, la Misri ya kale. Mama mkwe amegoma kabisa. Maana yake nini hasa? Karatasi ya hospitali inasubiri.

Mchimbua Kale: Kwanza usimchanganye na Sethi wa Biblia, mwana wa Adamu, hilo ni la Kiebrania. Huyu wa Misri ni Seth au Sutekh, mungu wa jangwa, tufani na vurugu. Seti maana yake "wa Seth". Farao Seti wa Kwanza, baba yake Ramesses wa Pili, alilibeba kwa sababu ukoo wao ulitoka mashariki mwa Delta ya mto Nile, alikoabudiwa mungu huyo.

Bint Nile: Na si shetani kama wengi wanavyodhani. Usiku yeye ndiye anayesimama mbele kwenye mashua ya Ra, mungu jua, na kumchoma mkuki joka Apophis.

Shangazi wa Jamvi: Majina ya babu zenu yameisha? Mtoto hufuata jina, shauri yenu.

Mchimbua Kale: Mkuu, mama mkwe hawezi kugoma kwa ajili ya Delta. Funguka.

Mzazi Mpya: Haya. Ni mapacha. Kulwa tumeshamwandika Osiri. Ila yanapendeza yakiitwa pamoja, na sisi hatuamini mikosi. Fulana zimeshachapishwa.

Bint Nile: Duh! Osiri ni Osiris, mungu aliyeuawa na ndugu yake Seth! Plutarch, mwandishi wa Kigiriki wa kale, anasimulia: Seth alipima mwili wa kaka yake kwa siri, akachonga sanduku la kifahari, akalileta karamuni na kuahidi kumpa atakayeenea ndani. Osiris alipolala humo, kifuniko kikapigiliwa misumari, ikamiminwa risasi iliyoyeyushwa, sanduku likatupwa mtoni. Baadaye mwili ukakatwa vipande 14. Hata Farao Seti mwenyewe ilibidi awe mwangalifu: kwenye hekalu lake la Abydos, nyumbani kwa Osiris, jina lake liliandikwa kwa kuondoa alama ya mnyama wa Seth na kuweka ya Osiris au fundo la Isis, mke wa Osiris.

Juma Utani: Kwani Kulwa na Doto yana kasoro gani?

Jicho Kali: Wakuu, hii ni chai. Mwezi jana huyu alifungua uzi akitafuta majina ya wahusika wa riwaya: ndugu wawili wanaogombea ufalme.

Mzazi Mpya: Kwani mwandishi hazai?

Mchimbua Kale: Kama ni riwaya, usibadili kitu. Kama watoto wapo, Doto mpe la mungu Horus. Si yule mwana wa Osiris. Yupo Horus Mkubwa, ambaye kwa Plutarch alizaliwa siku ya pili, kati ya Osiris na Seth. Wamisri waliwapa watu jina hilo kwa umbo la Hori. Magavana wawili wa Nubia, nchi ya kusini mwa Misri, baba na mwana, waliitwa hivyo.

Juma Utani: Hori? La kulishia ng'ombe?

Mzazi Mpya: Mnaona sasa? Afadhali Seti.