Mjadala: Je, upasuaji wa matundu madogo wa uti wa mgongo uanzishwe Pemba sasa?

Mleta mada

Assalaam alaykum ndugu zangu. Kila unapoingia msimu wa karafuu huibuka hoja ile ile: wachumaji wanaanguka mikarafuu, baadhi yao wanavunjika uti wa mgongo, kwa hiyo Serikali inunue vifaa vya upasuaji wa matundu madogo na kuviweka Hospitali ya Abdulla Mzee, Mkoani, ili majeruhi asivushwe bahari kwenda Unguja. Uchungu unaoisukuma hoja hii ni wa kweli na naushiriki, lakini mpangilio wake siukubali.

Katika upasuaji wa kawaida, daktari hupasua mstari mrefu katikati ya mgongo na kuibandua misuli kutoka mifupani, kisha hukaza skrubu kwenye pingili, yaani mifupa ya uti wa mgongo, zilizo juu na chini ya ile iliyovunjika na kuziunganisha kwa fimbo za chuma. Katika njia ya matundu madogo, skrubu kama hizo hupenyezwa kati ya misuli kwa mikato mifupi, huku daktari akiongozwa na picha za eksirei zinazopigwa pale pale mezani. Damu inayopotea ni kidogo, na maumivu ya siku za mwanzo hupungua. Hayo hayabishaniwi. Hata hivyo, ukiwalinganisha wagonjwa baada ya mwaka mmoja au miwili, tofauti kati ya njia hizi mbili huwa ndogo, ilhali njia mpya ina vyuma vya bei kubwa zaidi na huwaongezea mionzi wanaofanya kazi chumbani.

Tujiulize pia ni nani hasa anayeihitaji. Anayeanguka kutoka juu huvunjika mara nyingi pale kifua kinapokutana na kiuno, yaani pingili ya 12 ya kifua au ya 1 ya kiuno. Ikiwa pingili imepasuka lakini mgongo umebaki imara na neva ni salama, wengi hupona bila kisu: utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2003 uliwalinganisha wagonjwa wa aina hiyo waliopasuliwa na waliofungwa plasta au mkanda mgumu, na haukuona faida kubwa ya muda mrefu katika kupasuliwa, bali matatizo zaidi. Kwa upande wa pili, ambaye vipande vya mfupa vimekandamiza ugwe wa mgongo, yaani kamba ya neva ipitayo ndani ya uti, mara nyingi huhitaji kufunguliwa ili ugwe huo upate nafasi, na matundu madogo peke yake hayatoshi. Wanaonufaika zaidi ni wale wa katikati, ambao mgongo wao si imara lakini miguu yao bado ina nguvu.

Na hao ndio tunaowaharibu wenyewe chini ya mti. Majeruhi hunyanyuliwa kwa makwapa na magoti, mgongo ukakunjwa, kisha akapakiwa kwenye bodaboda. Neva iliyokuwa salama inaweza kuumia hapo, na hakuna skrubu itakayoirudisha. ZSTC, shirika la biashara la Serikali linalonunua karafuu, imekuwa ikitoa fidia kwa wachumaji wanaoanguka. Ni jambo jema, lakini ningependa fedha za mwanzo zinunue mbao ngumu za kubebea na mafunzo kwa vijana wa kila shehia yenye mikarafuu. Upasuaji uimarishwe kwanza Hospitali ya Mnazi Mmoja, Unguja, ambako tayari kuna kitengo cha upasuaji wa ubongo na uti wa mgongo kilichojengwa kwa msaada wa Taasisi ya NED ya Hispania, kwani mkono wa daktari hukomaa kwa wingi wa kazi.

Mchangiaji, muuguzi wa Pemba

Maalim, nimekusoma kwa makini na kuhusu ubebaji sina la kupinga. Lakini bahari umeipita haraka. Mgonjwa anayesubiri chombo amelala chali, hawezi kujigeuza, na vidonda vya kulalia huanza upesi kuliko wengi wanavyodhani, halafu hufuata maambukizi ya njia ya mkojo. Unasema baada ya miaka miwili tofauti ni ndogo. Sisi wodini tunamwangalia katika wiki mbili za mwanzo. Penye wauguzi wachache, kumketisha mgonjwa mapema si starehe, ni kumwokoa.

Mleta mada

Hoja yako ni nzito, bibi, na inanisogeza: wiki za mwanzo zina uzito mkubwa kwetu kuliko katika hospitali zenye wahudumu wa kutosha. Ila mgongo uliokazwa vizuri humruhusu mgonjwa kuketi, uwe umekazwa kwa mkato mrefu au mfupi. Kinachomlaza ni kungoja. Basi tuidai Wizara ya Afya itangaze, kwa kila msimu, ni wangapi waliovunjika uti wa mgongo Pemba, wangapi kati yao walihitaji kupasuliwa, na kila mmoja alingoja siku ngapi. Hesabu hiyo ikionyesha kwamba wa katikati ni wengi na kungoja ni kurefu, mimi nitakuwa wa kwanza kuunga mkono vifaa viletwe Mkoani. Waliohudumia majeruhi hawa Wete na Chake Chake, tafadhali semeni mliyoyaona.