Darasa lililogeuzwa katika shule ya kutwa: wasio na simu tuwafanyeje?

Mwalimu wa Kemia, Eastlands

Walimu wenzangu, hamjambo. Ninafundisha Kemia katika shule ya upili ya kutwa huku Eastlands, na darasa langu la Kidato cha Tatu lina wanafunzi zaidi ya hamsini. Muhula huu idara yetu imeelekezwa kujaribu mtindo wa darasa lililogeuzwa: maelezo ya somo ninayarekodi katika video fupi, mwanafunzi anayatazama nyumbani, kisha kipindi cha darasani kinatumiwa kwa maswali, majaribio na majadiliano ambayo zamani tuliyaacha yawe kazi ya jioni. Wazo lenyewe silipingi. Mada ya moli (kipimo cha kuhesabia atomi, ambapo uzito wa moli moja hutofautiana kwa kila elementi), kwa mfano, haimshindi mwanafunzi wakati ninapoeleza ubaoni, maana hapo kila mmoja huitikia kwamba ameelewa. Humshinda usiku akiwa peke yake na swali la pili la zoezi, na hapo ndipo ningependa niwe karibu naye.

Ninapokwama ni hapa. Video ninaituma katika kikundi cha WhatsApp cha wazazi, kwa kuwa wanafunzi hawaruhusiwi kuja na simu shuleni na wengi wao hawana simu hata nyumbani. Asubuhi yake ninajikuta na madarasa mawili ndani ya chumba kimoja: waliotazama, na ambao hawakutazama kwa sababu simu ya mama ilirudi usiku, au bando lilikwisha, au stima ilipotea, au, tuseme kweli, hawakutaka tu. Nikianza na maswali, kundi la pili linabaki limekodoa macho. Nikirudia maelezo, kundi la kwanza linajifunza kwamba kutazama video ni kazi bure, na wiki inayofuata nao hawatazami.

Je, yupo aliyeufanikisha mtindo huu katika shule ya kutwa ya umma hapa Nairobi, pasipo kumwadhibu mtoto kwa umaskini wa kwao? Au nirudi kwenye chaki yangu? Ningeomba majibu ya watu wanaofundisha, si ya wauzaji wa programu.

Mkufunzi wa Walimu

Mwalimu, nianze na asili ya mtindo wenyewe, kwa sababu nadhani maelekezo mliyopewa yameanzia mahali pasipofaa. Darasa lililogeuzwa lilipata umaarufu kupitia walimu wawili wa Kemia kama wewe, Jonathan Bergmann na Aaron Sams, walioanza kurekodi masomo yao mwaka 2007 katika shule ya upili ya Woodland Park, jimbo la Colorado, Marekani. Walichokuwa wakikitibu ni kukosa vipindi: shule yao ilikuwa mbali na miji mikubwa, na wanafunzi wa michezo walikuwa wakiondoka mapema kwa safari ndefu za mashindano. Waliokuwa hawana intaneti nyumbani walipewa somo katika DVD au flashi. Kwa hiyo swali la asiye na kifaa lilikuwapo tangu siku za mwanzo, hata kule, na halikujibiwa kwa kusubiri kila nyumba iwe na mtandao.

Hata kabla yao, Eric Mazur, mwalimu wa Fizikia katika Chuo Kikuu cha Harvard, alikuwa ameacha kuhutubia darasa tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990. Wanafunzi wake walisoma kurasa walizoelekezwa kabla ya kuja. Hapakuwa na video. Darasani aliuliza swali moja la dhana, kila mmoja akalifikiria kimya na kuchagua jibu, na ikiwa waliopata jibu sahihi walikuwa kati ya takriban asilimia 30 na 70, aliwaambia wageukiane na kila mmoja amshawishi jirani yake, kisha wapige kura tena. Wakipungua chini ya hapo, anaeleza upya. Wakizidi, anasonga mbele. Vifaa vya kielektroniki vya kupigia kura vilikuja kuongezwa. Mwanzoni mikono na kadi zenye herufi vilitosha.

Chukua moli. Andika ubaoni: kati ya gramu 12 za kaboni, gramu 12 za magnesiamu na gramu 12 za heliamu, ni ipi yenye atomi nyingi zaidi? Wengi watasema zote ni sawa kwa kuwa uzito ni mmoja. Wengine watachagua magnesiamu kwa kuwa atomi yake ndiyo nzito. Atakayekumbuka kwamba gramu 12 za heliamu ni moli tatu, za kaboni ni moli moja, na za magnesiamu ni nusu moli, atakuwa na kazi ya kumweleza mwenzake kwa lugha ambayo mimi na wewe hatuwezi kuiga. Hayo majadiliano ndiyo moyo wa mtindo huu. Mkikosa hayo, hata kila mtoto akipewa kishikwambi, mtakuwa mmehamisha tu hotuba kutoka ubaoni hadi kwenye skrini.

Ushauri wangu basi ni kwamba kwa sasa uiweke video kando. Kitabu cha Kemia wanacho, kwa maana serikali imekuwa ikivisambaza vitabu vya masomo ya msingi moja kwa moja shuleni tangu mwaka 2018. Wape kurasa mbili na maswali mawili ya kuwaongoza, na kazi ianze hapo.

Mwalimu wa Fizikia na Hisabati, Kayole

Nakubaliana na Mkufunzi kuhusu kadi na majadiliano. Kuhusu kitabu, la. Vitabu vilivyosambazwa vimepotea, vimechakaa, na katika shule yetu wanafunzi wawili au watatu hushirikiana kimoja, maana yake mmoja tu ndiye anayekwenda nacho nyumbani. Isitoshe, kurasa mbili za moli kwa Kiingereza cha kitabu zinamshinda mtoto yule yule ambaye video ingemsaidia, kwa kuwa katika video unaweza kusimama, kurudia na kueleza jambo kama unavyolieleza darasani. Chuo Kikuu cha Harvard kina wanafunzi waliochujwa. Sisi tunapokea kila anayeletwa.

Tunachofanya sisi ni kuigeuza kazi ndani ya shule, bila kumtegemea mzazi. Kila wiki tuna kipindi kimoja cha dakika themanini. Darasa ninaligawa nusu kwa nusu. Nusu moja inakaa nyuma ya chumba mbele ya kipakatalishi cha idara na spika ndogo, inatazama video ya dakika sita hadi nane mara mbili na kujaza karatasi yenye nafasi za kuandika. Nusu nyingine iko nami mbele, inafanya maswali ya mada ya wiki iliyopita, nami ninapita dawati kwa dawati. Baada ya dakika thelathini na tano hivi wanabadilishana. Kelele ipo, sitakudanganya, na wiki za mwanzo waliokaa nyuma walikuwa wakisikiliza ninachosema mbele. Lakini hakuna anayekosa somo kwa sababu ya simu, na jambo nisilolitarajia ni kwamba kundi la watu ishirini na watano nimeweza kulifahamu kuliko nilivyowahi kulifahamu darasa zima.

Kuhusu wale wasiotazama kwa uvivu: usirudie maelezo kamwe. Hapo ndipo walimu wengi wanaponaswa. Mlangoni nampa kila mmoja kipande cha karatasi chenye maswali mawili mepesi ambayo aliyetazama hawezi kuyakosa. Ambaye hawezi kuyajibu anakwenda moja kwa moja kwenye kipakatalishi na kutazama hapo hapo, huku wenzake wakiendelea na kazi inayovutia. Si adhabu wala si aibu. Ni mahali pa kwenda tu. Baada ya muda mvivu anaona mwenyewe kwamba anayakosa majaribio.

Nyongeza moja. Msijaribu kugeuza mada zote. Jedwali la elementi halina haja. Moli, titresheni na mada zenye hesabu ndizo zinazofaidika.

Fundi wa TEHAMA

Mimi si mwalimu, ila ninahudumia kompyuta za shule kadhaa jijini, na naona watu wengi wanapoteza bando za wazazi bure. Video ya dakika sita iliyorekodiwa kwa ubora wa 720p inaweza kufika megabaiti 60 au zaidi. Video hiyo hiyo kwa 240p ni kama megabaiti 13, na ikiwa ni ubao na chaki, maandishi yanasomeka mradi umeandika kwa herufi kubwa na simu imetulia mahali pamoja. Sauti peke yake, kwa kiwango cha kilobiti 32 kwa sekunde, haifiki megabaiti mbili. Picha tatu za ubao pamoja na ujumbe wa sauti wa dakika sita vinamtosha mtoto anayejifunza hatua za hesabu, na vinafunguka katika karibu simu yoyote yenye WhatsApp.

Hizo dakika sita sikuzichagua kwa kubahatisha. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014, uliochunguza mamilioni ya nyakati ambazo wanafunzi walitazama video za edX, jukwaa la masomo ya mtandaoni, ulionyesha kwamba umakini wa mtazamaji wa kawaida hauvuki dakika sita, hata video iwe ndefu kiasi gani.

Kama shule ina chumba cha kompyuta, hata kama ni kompyuta chache kuukuu, ulizeni kuhusu Kolibri. Ni programu ya bure ya shirika la Learning Equality inayofanya kazi bila intaneti: mnapakua masomo mara moja mahali penye mtandao mzuri, mnayaweka katika kompyuta moja, na vifaa vingine vilivyo karibu vinayasoma kupitia ruta ya kawaida. Mwalimu anaweza kuona nani amefungua nini. Video zako mwenyewe pia zinaweza kuwekwa humo.

Angalizo la mwisho, na hili wengi hulipuuza: ukirekodi ukiwa darasani, nyuso za watoto zisionekane. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inataka idhini ya mzazi kwa data ya mtoto, na mwaka 2023 Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliitoza shule moja ya Nairobi faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi. Rekodi ubao na mkono wako, inatosha.

Mzazi wa Kidato cha Pili

Mwalimu, samahani kuingilia mazungumzo ya walimu. Nina watoto watatu na simu moja, na simu hiyo ndiyo duka langu, kwa maana wateja wanaagiza kwa WhatsApp na kulipa kwa M-Pesa. Ninafika nyumbani baada ya saa mbili usiku, wakati mwingine saa tatu foleni ikiwa mbaya. Video ikitumwa saa kumi na mbili jioni na kutakiwa asubuhi, mtoto wangu hatakuwa ameiona, na si kwamba sijali. Mkituma Ijumaa kazi ya wiki nzima, Jumapili mchana simu ni ya watoto. Pia tuelezeni mapema, katika mkutano wa wazazi, kwamba video ni sehemu ya somo. Mimi mwanzoni nilidhani ni vichekesho vinavyozungushwa na nikavifuta ili kupata nafasi.

Niseme na jambo zuri pia. Siku niliyokaa na binti yangu tukatazama somo la Bayolojia, ndipo nilipojua kwa mara ya kwanza wanafundishwa nini na kwa namna gani. Tukio hilo halijawahi kutokea kupitia fomu ya matokeo.

Mwalimu wa Kemia, Eastlands

Nawashukuru nyote, na Mzazi usiombe samahani. Hoja ya Ijumaa imenisaidia kuliko mafunzo tuliyopewa. Nitatumia kipindi cha majaribio, ambacho ni cha dakika themanini, kugawa darasa kama anavyofanya Mwalimu wa Kayole, na picha za ubao pamoja na sauti zitatumwa mwisho wa juma kwa wanaoweza kuzipata, zikiwa nyongeza na si sharti. Swali la heliamu nimelichukua kama lilivyo.

Mkufunzi, kuhusu kadi: katika darasa la watu hamsini, unazuiaje mtoto asichungulie kadi ya mwenzake anayejulikana kuwa hodari, halafu akainua herufi hiyo hiyo?

Mkufunzi wa Walimu

Wainue kwa pamoja, kwa kuhesabu hadi tatu, kadi ikiwa imeshikwa kifuani na herufi ikikuelekea wewe. Kadi zote ziwe za rangi moja upande wa nyuma ili wa nyuma wasione kitu. Na kabla ya hapo kila mmoja aandike herufi yake pembeni ya daftari kwa kalamu ya wino, si penseli. Mwenye kuchungulia atakuwa na herufi mbili tofauti, na utakapopita katikati ya madawati wakati wa majadiliano, mwulize kwanza huyo kwa nini amebadilisha mawazo. Mara nyingi atakuwa na sababu yenye maana kuliko unavyodhani.

Mwalimu wa Fizikia na Hisabati, Kayole

Makatoni ya maziwa yaliyokatwa yanafaa kwa kadi, na hayapindi upesi kama karatasi. Omba kantini wakuwekee. Kipakatalishi nacho kichajiwe jioni iliyotangulia, maana stima ikipotea katikati ya zamu ya pili, nusu ya darasa itakuwa imekosa somo.