Furfurali ya magunzi ya mahindi: napata matone tu

Mwanakibaigwa: Wakuu, naombeni msaada. Niko mwaka wa tatu, kemia, na mradi wangu ni furfurali, kimiminika chenye harufu ya lozi kinachotengenezwa kwa mabaki ya mazao. Magunzi nimeyatoa Kibaigwa kwa mama mkubwa, nikayaanika na kuyatwanga mwenyewe. Gramu 100, asidi ya salfuriki ya asilimia 12 mililita 400, nakeneka (nachemsha na kupoza mvuke uwe maji) saa mbili na nusu. Napata mililita 250 za maji yanayonukia lozi, na chini yake matone ya njano yasiyojaa kijiko cha chai. Chupani kunabaki weusi tii. Nimerudia mara tatu na asidi ya idara inaisha. Nakosea wapi?

FundiMstaafu: Mdogo wangu, hayo maji umeyamwaga? Kila mililita 100 za maji humeza gramu 8 hivi za furfurali. Kwa hiyo mililita 250 zinaweza kuficha gramu 20, na magunzi gramu 100 hata kwa mkono uliozoea hutoa 11 au 12. Mali yako imo humo! Tia chumvi ya mezani mpaka igome kuyeyuka, keneka tena, uchukue kinachotoka mwanzo tu. Furfurali na maji huchemka pamoja karibu nyuzi 98, kabla ya maji matupu. Ikipoa itazama chini yenyewe.

Zailosi: Safari ijayo tia chumvi hata kwenye chupa ya magunzi, huisukuma furfurali itoke na mvuke. Na maji ya juu yarudishe chupani kila yanapojitenga. Ule weusi kwa sehemu ni furfurali iliyochelewa kutoka: ikikaa kwenye asidi ya moto inashikana na sukari na kuwa kama lami.

Mwanakibaigwa: Sikuyamwaga, Mungu mkubwa! Yote matatu yalikuwa kwenye dumu. Jana nimekeneka na chumvi, leo nina gramu 17 kwenye mizani. Nimeshukuru mno. Ila jioni ilikuwa njano, asubuhi hii imekuwa kahawia.

FundiMstaafu: Hewa na mwanga hivyo. Ikaushe kwa salfeti ya sodiamu, ikeneke kwa pampu ya kupunguza mgandamizo, maana yenyewe huchemka nyuzi 162 na moto huo unaiunguza. Chupa nyeusi, ijae hadi shingoni, kwenye friji. Na vaa glovu, inapenya ngozi. Mimi iliniumiza kichwa siku mbili kwa kufanyia kazi nje ya kabati la kunyonya hewa.