Naomba ushauri: kuhamishia picha zote kwenye diski ya nje

Wakuu, habari za majukumu. Napiga picha za harusi na sendofu hapa Mwanza (maharusi karibu wote wanataka Jiwe la Bismarck lionekane nyuma yao). Laptopu yangu ya Windows imejaa, Lightroom (programu ya kupanga na kuhariri picha) inafunguka kwa kusuasua. Nimenunua diski ya nje ya terabaiti 2.

Najua nikihamisha mafaili nje ya Lightroom, katalogi yake (orodha inayokumbuka kila picha iko wapi) haitayaona tena, folda zitabaki na alama ya kuuliza. Sasa, niyahamishe ndani ya Lightroom yenyewe, au ninakili kwanza, nihakiki, ndipo nielekeze folda upya na kufuta za zamani? Naegemea hiyo ya pili, maana umeme ukikatika katikati sipotezi kitu. Katalogi nitaiacha kwenye laptopu.

Halafu nakala ya akiba. Kupandisha RAW (mafaili ghafi ya kamera, ni makubwa) mtandaoni kwa bando zetu hizi, sahau. Nafikiria diski ya pili ikae kwa mama kule Magu, niwe naibadilisha nikienda kumsalimia. Kuna anayefanya hivyo?

La mwisho: nifomati diski kwa mfumo gani wa mafaili, exFAT au NTFS? Mara nyingine naazima Mac ya jamaa, nayo NTFS inaisoma tu bila kuandika. Ila nasikia exFAT huharibika kirahisi ukichomoa diski ghafla.