Aberdare, Mlima Kenya au Chyulu: wapi panatufaa sisi wa pwani?

MwanaMvita
Assalaam aleikum. Shule zikifungwa Agosti nataka kuwatoa watoto huku wakaone nchi ya juu. Mkubwa yuko kidato cha tatu, mdogo ana miaka 12. Miguu wanayo, ila baridi wanayoijua ni ile ya kusi tu. Nimeshindwa kuchagua kati ya Aberdare, Mlima Kenya (si kileleni) na Chyulu. Gari letu ni dogo, la mjini. Mliofika, nipeni tofauti.

Kombo_Kisauni
Waaleikumu salaam ndugu yangu. Mimi nasema Aberdare. Ukishaupita msitu na mianzi unatokea kwenye uwanda wa nyasi na ukungu, juu ya mita 3,000, vijito vinapita kila upande na maji yake hayashikiki kwa ubaridi. Maporomoko ya Karuru yanashuka mita 273 kwa ngazi tatu. Na huyo wa kidato cha tatu anasoma darasani habari za Dedan Kimathi, kiongozi wa wapiganaji wa Mau Mau. Mpeleke auone msitu ulivyoshonana, ataelewa kwa nini Waingereza walihangaika miaka kuwatoa Mau Mau mle.
Ila gari lenu liacheni Mombasa. Njia za ndani zikilowa ni utelezi mtupu. Kodini Land Cruiser Nyeri, na dereva anayezijua njia. Kutembea kwa miguu ni pamoja na askari wa KWS (shirika la wanyamapori) mwenye bunduki, maana nyati na tembo wako.

BintiShariff
Kaka Kombo, Aberdare naipenda, lakini hao watoto watashinda garini. Mlima Kenya ndiko kwa kutembea. Geti la Sirimon liko karibu mita 2,650, kambi ya Old Moses 3,300. Mnapanda taratibu, mnalala, kesho mnazunguka zunguka kwenye mimea mikubwa ya lobelia na kurudi. Hakuna haja ya kukigusa kilele cha Lenana.
Ninaloogopa ni moja, na nalisema kwa uzito: ninyi mnatoka usawa wa bahari. Msishuke garini mkaanza kupanda siku hiyo hiyo. Laleni Nanyuki kwanza, ni karibu mita 1,900, mwili uzoee hewa ya juu. Mtoto akilalamika kichwa, akatapika, au akaanza kuyumba, mshusheni saa ile ile, hata kama ni usiku. Msingoje kupambazuke. Na msiende bila mwongozaji.

MtaitaWaVoi
Mbona mnamrusha mbali hivyo? Chyulu iko njiani kwenda Nairobi. Treni ya asubuhi inayosimama vituo vya kati inawashusha Kibwezi. Kilele chake ni mita 2,188, kwa hiyo hayo ya kichwa hayawahusu sana. Vilima vya kijani vimepangana, vyote vilizaliwa na volkano, na siku ikiwa safi Kilimanjaro unaiona yote. Chini kuna pango la Leviathan, mfereji ulioachwa na lava (mawe yaliyoyeyuka ya volkano), wenye urefu wa kilomita kadhaa. Humo msiingie bila mwenyeji na taa za kutosha.
Jingine: mvua ya Chyulu haikai juu. Inazama kwenye mawe ya lava na kutokea chemchemi za Mzima, na maji ya Mzima ndiyo yanayoletwa Mombasa kwa bomba. Mtoto wa Mvita anapaswa kuujua mlima unaomnywesha. Ndiyo maana pia juu hakuna kijito hata kimoja. Maji bebeni yenu, mengi. Njia ya kupanda nayo inataka gari la nguvu, kodini Kibwezi.

MwanaMvita
Hilo la Mzima sikulijua kabisa. Mama watoto amesoma, ameshikilia Chyulu. Malipo getini na nguo je?

BintiShariff
KWS hawachukui pesa mkononi, lipa kwa eCitizen, tovuti ya serikali, kabla hujatoka nyumbani, huko mtandao unapotea. Chyulu hata mimi nakubali kwa mara ya kwanza. Nguo pitieni mitumba ya Kongowea: sweta za sufu, koti la mvua, kofia. Jinzi hapana, ikilowa haikauki.

Kombo_Kisauni
Sawa, lakini Agosti asubuhi Chyulu hujaa ukungu. Laleni huko huko usiku mmoja. Mkienda na kurudi siku moja, mtaondoka hamjaiona Kilimanjaro.

MtaitaWaVoi
Kweli. Na hema lifungeni kabla ya magharibi, upepo wa juu hauna mzaha.