Mnaofundisha watu kukata akiki bila maji, mnawaharibu mapafu na mnakula ada zao

Wakuu, habari za muda huu. Naomba niende moja kwa moja kwenye mada maana nimebeba hasira ya muda mrefu.

Hapa Arusha kuna watu wanatangaza "kozi ya kukata mawe kwa wanaoanza". Wanaoenda ni watu wa kawaida: mwalimu wa shule, mama wa nyumbani anayependa kutengeneza heleni, kijana aliyeokota kijiwe chenye mistari akatamani kukiona ndani. Si wafanyabiashara wa madini. Unalipa ada, unapewa kipande cha akiki ghafi (agate, jiwe gumu lenye mistari ya rangi) na grenda ya mkono yenye diski ya tailizi, unaambiwa kata. Kavu, tena ndani ya chumba chenye dirisha moja. Nimelipa ada hiyo na nimekaa kwenye chumba hicho, kwa hiyo nisije kuambiwa naleta maneno ya kusikia.

Mwalimu alibana jiwe kwenye jiliwa, akawasha grenda, na diski haijazama hata nusu ya ukucha chumba kizima kilikuwa kimeshakuwa cheupe. Vumbi lilitua kwenye chupa ya chai, kwenye kope za dada aliyekaa mbele yangu, kwenye daftari langu mpaka kalamu ikawa inakwaruza. Nikamuuliza, "Mwalimu, maji hatutumii?" Akanijibu, "Maji ni ya mashine kubwa, dada yangu. Hiki ni kijiwe tu. Vumbi likikusumbua, jifunge kitambaa." Basi watu wakajifunga mitandio, wengine wakavaa zile barakoa za bluu za hospitali, darasa likaendelea.

Kijiwe tu! Akiki ni silika (silica), madini yanayopatikana kwa wingi kwenye mchanga. Ni jamii moja na kwatzi, ila chembe zake ni ndogo mno na zimeshikana. Ugumu wake kwenye kipimo cha Mohs ni kati ya 6.5 na 7, yaani kisu cha chuma hakiichani na kioo cha dirisha inakikwaruza. Jiwe gumu namna hiyo ukilisaga kavu kwa grenda inayozunguka karibu mara 11,000 kwa dakika, halitoi unga kama wa chaki unaoanguka chini ukaisha. Lile vumbi unaloliona likitua mezani ndilo lenye nafuu. Baya ni lile usiloliona, chembe zilizo chini ya maikromita 10 (maikromita ni sehemu ya elfu ya milimita), wakati unywele wa mtu una unene wa maikromita 50 hadi 100 hivi. Chembe hizo zinaelea hewani saa nyingi baada ya grenda kuzimwa, zinapita kwenye mtandio na pembeni mwa barakoa ya hospitali, na zile ndogo kabisa zinashuka mpaka mwisho wa pafu na nyingi hazitoki tena. Mwili unajaribu kuzizungushia kovu, kovu linaongezeka, pafu linakakamaa. Ndiyo silikosisi hiyo, na haina dawa ya kuiponya. Aliye nayo pia anakuwa rahisi zaidi kushikwa na kifua kikuu. Tangu 1997 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani limeiweka silika ya namna hii, ikivutwa, kwenye kundi la kwanza la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Marekani, kanuni ya 2016 inataka mfanyakazi asivute zaidi ya maikrogramu 50 kwa kila mita ya ujazo ya hewa, wastani wa saa nane. Kiwango hicho kwa macho huwezi hata kukiona. Sisi tulikuwa hatuoni ukuta wa pili.

Na mtu wa kanda hii asiniambie hakujua. Mererani hapo, kwenye machimbo ya tanzanaiti, pana umbali gani? Nani hajasikia habari za wachimbaji na vifua vyao? Hospitali ya Kibong'oto iko Siha, watu wanatoka machimboni wanapelekwa pale wakikohoa. Mwalimu anayepokea ada ya kufundisha mawe Arusha, halafu anasema vumbi la jiwe ni la kufungia kitambaa, huyo ameamua tu kunyamaza ili mashine za maji zisimpunguzie faida.

Nenda Khambhat, kule Gujarat, India. Huo ndio mji wa akiki. Shanga za akiki nyekundu kutoka upande ule zimevuka bahari kwa karne nyingi na zimechimbuliwa kwenye magofu ya pwani yetu, Kilwa mojawapo. Mafundi wale wana ujuzi ambao sisi wanaoanza tunauota. Lakini watu wanasagia majumbani, na watafiti wa afya ya kazi wa India wamekuta silikosisi kwa wasagaji, na hata kwa majirani ambao hawajawahi kushika jiwe. Majirani! Sasa fikiria yule mama wa heleni anarudi kwake mtaani Sakina na grenda aliyouziwa palepale darasani, anaanza kukata uani huku watoto wanacheza na nguo zimeanikwa kwenye kamba.

Najua jibu litakalokuja: "Mbona wazee wanakata mawe miaka yote?" Nendeni mkaangalie vizuri hao wazee. Fundi wa tanzanaiti anayejiheshimu ana kichupa cha maji juu ya sahani yake ya kusagia, matone yanadondoka muda wote, na ukimnyang'anya hicho kichupa hafanyi kazi. Maji ndiyo yanayokamata vumbi kabla halijaruka. Maji hayohayo yanapoza jiwe na diski.

Na hapo ndipo ninapokasirika mara ya pili, kwa sababu hata huo ukataji wenyewe hatukufundishwa. Diski ya almasi haina meno, haikati kama msumeno wa mbao, inasaga. Ukiiendesha kavu inapata moto, chembe za almasi zinang'oka, na jiwe linapasuka kufuata nyufa lilizokuwa nazo. Nusu ya akiki za darasa letu ziligawanyika mikononi mwa watu, mwalimu akasema "mawe mabaya". Hakuna aliyetuonyesha kuchagua jiwe. Jambo lenyewe ni jepesi: lilowanishe, liweke kwenye mwanga, lisubiri likauke. Uso wote ukishakauka, penye ufa patabaki mstari mwembamba wenye unyevu. Huo mstari ndio unaokuambia ukate wapi na usikate wapi. Halafu ligeuze uone mistari ya rangi imelala vipi, maana akiki ileile ukiikata upande mmoja inakupa duara ndani ya duara, upande mwingine inakupa michirizi isiyo na sura.

Kwenye kusanifu ndiyo aibu kabisa. Kipande kinachorwa kwa kigezo, kinapunguzwa pembeni, kinagandishwa kwa nta kwenye kijiti ili ukizungushe vizuri, kisha unapanda ngazi za msasa, namba ikikua punje zinakuwa ndogo: 80 ya kutoa umbo, 220, 600, 1200, 3000, ndipo uje kung'arisha na unga wa seriamu oksaidi kwenye ngozi au felti yenye unyevu. Kila hatua kazi yake ni kufuta mikwaruzo ya hatua iliyopita, na inabidi ukaushe jiwe ndipo uione, kwa sababu likiwa na maji linakudanganya kuwa liko laini. Sisi tulirushwa kutoka 80 mpaka kwenye kitambaa cha kung'arishia. Mawe yakatoka na ung'avu wa juu juu, ukiyainamisha kwenye taa unaona mikwaruzo imejaa. Kisha tukapewa vyeti.

Sitaongelea sana vile vipande vya bluu kali na waridi wanavyouza mlangoni kama "akiki asilia". Jiwe ni akiki kweli, rangi ni ya kutiwa. Wajerumani wa Idar-Oberstein wanatia akiki rangi tangu karne ya 19 na si siri. Muuzaji aseme tu.

Kwa mnaoanza na hamna hela ya mashine ya kusagia mawe yenye magurudumu sita ya kusagia, msikubali kuambiwa kwamba njia ni grenda kavu pekee. Kuna misumeno midogo ya tailizi yenye beseni la maji chini ya diski. Weka diski ya almasi yenye ukingo mzima usio na mapengo, sukuma taratibu, na hakikisha soketi unayotumia ina kifaa cha kukata umeme ukivuja, maana maji na umeme viko pamoja hapo. Kusugua fanya kwa mkono na msasa wa maji, ule wa mafundi wa rangi za magari. Utachukua muda mrefu na mkono utauma, lakini jiwe litatoka na kifua chako kitabaki salama. Lile tope ukiliacha likauke linarudi kuwa vumbi, kwa hiyo futa kwa kitambaa chenye maji, usifagie, usilimwage kwenye sinki. Nguo za kazi zisiingie chumbani kwa watoto. Barakoa iwe ya N95 (ile ya kuchuja vumbi laini) au zaidi, ibane uso vizuri, na mwenye ndevu ajue kwamba haibani, hewa inapita pembeni. Hata hivyo barakoa ni ya kuongezea, haichukui nafasi ya maji.

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 ipo, ila inazungumzia mahali pa kazi. Uani kwa mtu mwenye hobi haji mkaguzi. Kwa hiyo anayemfundisha ndiye pekee wa kumwambia ukweli, na huyo ndiye anayeuficha.

Niliomba nirudishiwe ada, nikaambiwa mimi ni mkorofi. Sawa. Jina lao siliweki hapa. Ninachotaka ni kwamba ninyi wenye kozi hizi, na najua mnasoma, mjibu hapahapa hadharani: darasani kwenu kuna maji au hakuna? Grenda mnazowauzia wanafunzi waende nazo nyumbani, mnawaambia nini kuhusu vumbi? Na wale mliokwisha kuwafundisha na kuwapa vyeti, lini mtawapigia simu muwaambie wasikate tena kavu?